Farasi wa Baharini wa Milimani

Tulipotoka kumzika Daktari Wangeci kule Gilgil na kurudi nyumbani kwake Milimani, Nakuru, kunywa chai, kilichonishtua hakikuwa kiti chake kitupu wala picha yake iliyozungushiwa maua. Ilikuwa gereji. Gereji ya nyumba ile ilikuwa na gari ndani. Najua, gereji ni za magari, lakini ile niliyoijua mimi haikuwahi kuwa na nafasi ya hata baiskeli, kwa sababu ndani yake mlikuwa na bahari. Nilijitenga na waombolezaji nikaenda kuchungulia dirishani. Mimi ni mdaku wa kuzaliwa. Umri umenipa mvi na miwani lakini udaku haujapungua. Nyuma ya lile gari, ukutani, alama za chumvi bado zilikuwepo, mistari myeupe iliyopandana kama jasho lililokaukia kwenye kofia ya mkulima, mahali matangi yalipokuwa yamekaa. Sauti ikaniuliza nyuma yangu, "Unatafuta farasi, Nyambura?" Sikuhitaji kugeuka. Ni Kiprono peke yake ambaye angeweza kuniuliza swali hilo kwenye matanga bila kuonekana amerukwa na akili.

Tulikumbatiana pale kando ya dirisha. Siku hizi Kiprono ana kitambi na malori mawili ya kubeba maziwa, lakini mwaka ninaousimulia alikuwa kijana mwembamba aliyeendesha pikapu ya Daktari, na mimi nilikuwa msichana aliyemaliza shule ya upili anayengoja kuitwa chuo. Tulifanya kazi pamoja mwaka ule mmoja tu. "Hiyo chumvi imekataa kutoka," akaniambia akionyesha ukuta. "Mwalimu amepaka rangi, amepaka tena, ikikauka hiyo chumvi inatoka tu." Mwalimu ni Mwalimu Gathogo, mume wa Daktari, aliyefundisha hesabu hadi akastaafu. Tulipoingia ndani tulimkuta sebuleni na kikombe cha chai kilichoanza kuota utando. Alitushika mikono sote wawili kwa pamoja, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa niaba ya mwingine, "Mama alienda vizuri, hakuumwa sana. Lakini hiyo wiki ya mwisho akili ilikuwa imeenda. Alikuwa ananiuliza tu kama wamekula. Wamekula, Mwalimu? Wamekula? Sasa nani? Watoto wetu wako Nairobi, ni watu wazima, wamekula. Nikimwambia wamekula ananikasirikia, anasema sijafanya kazi yangu." Akatikisa kichwa. Niliumia kumsikia. Mwanamke niliyemjua mimi hakuwahi kuuliza swali lisilo na mantiki, hata usingizini.

Nilivyokutana naye ni hivi. Nilikuwa nimebaki kanisani baada ya ibada, nimeinamia chombo cha maji ya ubatizo, na mwanamke mrefu mwenye kitambaa cha kichwa cha rangi ya chungwa akaja kusimama kando yangu. "Unatafuta nini humo ndani?" akauliza. Nikamwambia natafuta mabuu ya mbu. Mtu mwingine angeniita mtovu wa adabu. Yeye aliinama pia, akavaa miwani yake, akauliza, "Na wako?" Walikuwepo. Tukawatazama wakijipinda, sisi wawili tu, hadi mzee wa kanisa akaja kutufukuza. Pale mlangoni akaniambia, "Kesho ukitoka kwenu uje Milimani. Niko na kazi ya mtu anaangalia vitu."

Kesho yake nikaingia gerejini kwa mara ya kwanza. Nje kulikuwa na ile baridi yetu kavu ya asubuhi, ndani kulikuwa na joto la unyevu na harufu ambayo sikuwa na jina lake, maana nilikuwa sijawahi kufika pwani. Pampu za hewa zilikuwa zinanguruma polepole. Kwenye tangi la kioo lililokaa karibu na mlango, kitu nilichodhani ni kipande cha mmea kikageuza jicho kunitazama. Kisha jicho la pili likageukia upande mwingine kabisa, bila kulisubiri la kwanza. Kilikuwa na kichwa cha farasi, tumbo la mtu aliyeshiba, na mkia uliojiviringisha kama mzabibu kwenye mti uliosukwa kwa waya wa banda la kuku. Nilisahau kusalimia. Daktari aliniacha nitazame mpaka niliposhiba, halafu akasema, "Huyo ni samaki." Nilimkatalia. Nilimwambia samaki hana shingo. Akacheka, akaniletea kigoda, akasema niketi hapo hadi nimwamini.

Walikuwepo wengine, lakini hao wawili wa tangi la mlangoni ndio waliotuteka. Kiprono alikuwa amempa dume jina la Chifu, kwa sababu ya tumbo, na jike akawa Mama Chifu. Baada ya majuma machache tumbo la Chifu lilianza kuvimba kupita kiasi, nikaenda mbio kumwambia Kiprono kwamba amekosea, Chifu ni mwanamke. Kiprono alikuwa anafunga tairi. "Hapana," akasema bila kuinua kichwa, "Chifu ni mwanaume na ako na mimba." Nikamwambia aache ujinga. "Ati ujinga? Uliza Daktari. Mama Chifu anamwekea mayai kwa mfuko, kazi yake inaisha hapo. Mzee anabeba mpaka anazaa." Nilimuuliza Daktari mezani wakati wa chakula cha mchana, mbele ya Mwalimu, naye akathibitisha huku akijipakulia sukuma. Mwalimu akaweka kijiko chini. "Na huyu mume," akauliza kwa makini sana, "aliulizwa?" Kuanzia siku hiyo, kila Daktari alipomtuma dukani, Mwalimu alishika tumbo na kusema yuko katika hali isiyomruhusu kubeba mizigo.

Lakini kulikuwa na jambo zito chini ya mzaha huo, na sisi sote tulilijua. Daktari alikuwa amefanya kazi ya utafiti wa samaki pwani miaka mingi, na huko alikuwa ameona farasi wa baharini wakiuzwa wakavu, wamerundikwa kwenye magunia kama dagaa, wengine wakisafirishwa hai kwa watu wanaopenda kuwafuga kwenye vioo vya sebuleni. Kwingine walinaswa tu kwenye nyavu zilizolenga samaki wengine, zikang'oa na majani ya baharini wanayojishikilia. Wazo lake lilikuwa rahisi kulisema: kama familia ya mvuvi ingeweza kuwazalisha nyumbani, nani angehangaika kuwatoa baharini? Ugumu ulikuwa kwenye midomo ya watoto. Mtoto wa farasi wa baharini anazaliwa mdogo kuliko punje ya mchele, na anakula kitu kilicho hai tu, kidogo kuliko yeye, tena kutwa nzima. Chakula hicho kilitoka ng'ambo ndani ya mikebe ambayo mvuvi hawezi kuinunua. Watoto wote waliozaliwa mikononi mwa Daktari kule pwani walikuwa wamekufa njaa. Ndipo akakumbuka maziwa ya magadi ya kwao, yale maji ya kijani yanayolisha flamingo, akajiuliza ni nini hasa kinaogelea humo. Ofisi ya serikali iliyompa kibali ilikubali awalete wanyama huku nyanda za juu kwa sharti moja. Kufikia mwisho wa mwaka kizazi kimoja kiwe kimeishi hadi umri wa kujishikilia kwa mkia na kula chakula kisicho hai. La sivyo, wanyama warudi pwani na chumba kifungwe. Daktari hakulitaja sharti hilo mara kwa mara. Lilionekana tu kwa jinsi alivyoitazama kalenda ya jikoni, ile ya kampuni ya mbolea, akipita kwenda kuchemsha maji.

Maji ya bahari yaliletwa na dereva wa trela anayeitwa Otieno, ambaye alijaza mitungi Mombasa na kutukabidhi Salgaa, kituo cha malori alikopumzika. Nilipenda safari hizo kuliko hata kazi yenyewe. Kulikuwa na mkahawa wa mabati pale ambao mwenyewe, mama mmoja mnene mwenye kicheko kikubwa, alipika matumbo na ugali kwa madereva wa nchi nne, nasi tuliketi tukimsubiri Otieno na kusikiliza. Habari za mitungi yetu zilikuwa zimeenea. "Hayo maji ni ya pastor fulani Nakuru," nilimsikia dereva mmoja akimweleza mwenzake nyuma yangu, kwa uhakika kabisa. "Anaombea nayo watu wa pressure." Mwenzake akasema hapana, ni ya mzungu anayetengeneza dawa ya nywele. Kiprono aligeuka akawaambia ni ya kufuga farasi. Wakamtazama kwa huruma. Safari moja tulikuta mtungi mmoja nusu, na yule mama akaja kwa Otieno na sufuria mkononi, akalalamika, "Boss, maji yako imeniharibia maharagwe! Nilichukua kidogo tu, tanki ilikuwa imekauka. Wateja wamerudisha sahani!" Otieno alicheka hadi akashika meza. Mimi nilichovya kidole kwenye sufuria nikaonja, kwa sababu nilitaka kujua bahari ikiwa na maharagwe ina ladha gani.

Chakula cha watoto tulikifuata upande wa pili, kwenye Ziwa Elementaita. Daktari alivua viatu, akapandisha sketi, akaingia kwenye maji yale ya utelezi akivuta kitambaa chembamba kilichoshonwa kama mfuko wa kuchujia chai. Flamingo walijisogeza hatua chache, wakaendelea na shughuli zao. Tuliporudi aliniwekea tone moja chini ya hadubini. Siwezi kusema nilichohisi bila kuonekana nimezidisha. Tone lilikuwa na msongamano kama stendi ya Nakuru siku ya Krismasi. Viumbe wenye umbo la kikombe walizunguka kwa kasi, kila mmoja na duara mbili za vinyweleo mdomoni zilizokuwa kama magurudumu yanayosaga, na wengine walikuwa wanaburuta yai nyuma yao. Daktari aliwaita rotifa. Alinieleza kwamba wanavumilia magadi na wanaweza kuzoezwa chumvi ya bahari, kidogo kidogo, kila siku kijiko, mpaka wasahau walikotoka. Nilimuuliza wao wenyewe wanakula nini. "Ziwani wanakula ukijani," akasema. "Hapa tutawapa kitu ya kawaida tu, kitu hata mama wa Salgaa ako nayo." Akafungua kabati la jikoni akatoa mkebe wa hamira.

Sasa, hamira katika nyumba ile ilikuwa na mwenyewe. Mwalimu Gathogo ndiye aliyekanda mandazi, kazi aliyojifunzia kwenye nyumba za walimu za shule za bweni alipokuwa kapera, na hakumruhusu mtu aiguse. Asubuhi ya Jumamosi iliyofuata alisimama mlangoni mwa gereji akiwa amevaa aproni, mkebe umeinamishwa kuonyesha kwamba ni mtupu. "Nimekubali chumvi kwenye kuta zangu," akasema. "Nimekubali mume mwenzangu mjamzito. Lakini mmekula mandazi yangu kabla hayajakuwa mandazi." Daktari alimvuta kwa mkono, akamkalisha penye hadubini. Mwalimu alitazama muda mrefu. Hakuinua uso alipouliza tunawapimia kiasi gani, nami nikasema nachota kwa ncha ya kijiko. Hapo ndipo tulipomkosea kabisa. Mtu wa hesabu! Alisema hiyo si kupima, hiyo ni kubahatisha, na kwamba hamira ikizidi maji yataoza. Tangu siku hiyo kazi ikawa yake. Kila asubuhi kabla ya chai yake mwenyewe aliyeyusha hamira kwenye maji vuguvugu, akayajaribu kwa kifundo cha mkono kama maziwa ya mtoto, akaidondosha kwenye mitungi ya kioo huku akihesabu kwa Kikuyu. Daktari alikuwa akiamka, anamuuliza kutoka chumbani, "Wamekula?" Naye anajibu, "Wamekula." Baada ya hapo ndipo nyumba iliruhusiwa kunywa chai.

Chifu alizaa mara ya kwanza kwenye baridi ya Julai. Nilikuwepo. Alijikunja na kujikunjua kama mtu mwenye kichomi, na kila alipojikunja wingu la vitoto lilitoka kwenye mfuko wake, kila kimoja farasi kamili, na jicho lake, na mkia wake. Nililia na sikuona aibu. Kabla ya wiki kuisha wote walikuwa wamekufa. Walikuwa wanafuata mwanga wa taa juu, wanameza hewa, wanaelea kama maputo na kushindwa kushuka kula. Daktari alikaa kwenye kigoda changu akiwaangalia, kisha akasema, "Sasa tunajua kitu moja," akaenda kununua nailoni nyeusi ya kupandia miche. Tuliyafunika matangi pande zote na juu, tukaacha mwanga uingie chini kidogo tu, na tukauelekeza upepo wa pampu ili maji yazunguke taratibu. Watoto wa pili hawakuelea tena. Walibaki katikati ya maji ambako rotifa walikuwa, wakaanza kula. Niliweza kuona vichwa vyao vikigonga mbele, kila pigo mlo mmoja. Hao waliishi muda wa kutosha kutupa tamaa, halafu wakapungua, wakaisha. Kalenda ya jikoni ilikuwa imebaki kurasa chache.

Ni wakati huo tulipofanya kosa ambalo nadhani ni watu wa nyanda zetu pekee wangelifanya kwa moyo mweupe. Chifu alikuwa na mimba tena, na huenda ndiyo ingekuwa ya mwisho kabla ya sharti kutimia. Sisi sote tulikuwa watu wa ng'ombe. Daktari alikulia kwenye ng'ombe wa maziwa kule Gilgil, Kiprono vilevile upande wa kwao, na hata Mwalimu alikuwa na ndama wake enzi hizo. Kwetu ng'ombe akikaribia kuzaa unaacha kumkamua, unamtenga na wenzake, unamtandikia majani makavu apumzike. Hakuna aliyepinga, sikumbuki hata kama tulijadiliana. Tulimwandalia Chifu tangi lake safi upande wa ukuta wa ndani, na Kiprono akamhamisha kwa kikombe, akimwambia "pole, Chifu, pole" njia nzima. Tulijiona watu wema sana.

Tulichokisahau ni kitu nilichokuwa nakiona kila asubuhi bila kukipa uzito. Nilipofungua mlango, Mama Chifu alikuwa akitoka kwenye kona yake na kumwendea Chifu. Wote wawili walikuwa wakibadilika rangi, wakang'aa kidogo, wakaviringishana mikia na kuzunguka ule mti wa waya pamoja, kisha kila mmoja akaenda zake hadi kesho. Nilidhani ni mchezo tu. Baada ya kuwatenga, Mama Chifu alitoka kwenye kona yake asubuhi ya kwanza, akaenda mpaka kwenye waya, akasubiri. Asubuhi ya pili akafanya hivyo tena. Kisha akaacha. Rangi yake ikafifia ikawa kama majivu, na siku moja nilikuta mayai yake yamemwagika sakafuni mwa tangi, rangi ya chungwa, hayana wa kuyabeba. Chifu naye alizaa mapema, watoto wachache na dhaifu, na hakuna aliyepona. Daktari alisimama mbele ya lile tangi mikono kiunoni. "Tumewafuga kama ng'ombe," akasema. "Hawa si ng'ombe. Hiyo salamu ndiyo inawaweka pamoja. Wakikosa kusalimiana wanaona ndoa imeisha." Mwalimu, aliyekuwa mlangoni na mkebe wake wa hamira, akasema kwa upole, "Basi warudishe. Waache wagombane wakiwa kwao."

Tuliwarudisha pamoja, na hawakutazamana. Kila mmoja alishika upande wake wa waya. Sijui niwaeleze vipi jinsi nyumba nzima ilivyokuwa inaamka kwa ajili ya wale samaki wawili. Nilifungua mlango asubuhi na nyuma yangu alikuwepo Daktari, nyuma yake Kiprono, na Mwalimu akijifanya amekuja kuchukua kijiko. Hakuna kitu. Mvua fupi zikaanza. Asubuhi moja ya ukungu, nilipokuwa nimeshakata tamaa na nikaingia peke yangu, Mama Chifu alikuwa ametoka kwenye kona yake. Alikuwa anang'aa. Chifu aliuachia waya, akashuka, mikia yao ikagusana, wakaanza kuzunguka. Sikumwita mtu. Nilijua walipaswa kuona, lakini nilitaka dakika hiyo iwe yangu kwanza, na mpaka leo nairudia ninapotaka kutulia.

Chifu aliposhika mimba tena, safari hii tuliwaacha pamoja na kuwatoa watoto badala yake, moja kwa moja kwenye matangi yaliyofunikwa nailoni. Walikufa wengi. Lakini waliobaki walikua, na siku moja mmoja wao, asiyefika urefu wa ukucha wangu, akanyoosha mkia na kushika uzi wa waya. Daktari aliniita jina langu mara mbili, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Mwisho wa mwaka watu wa ofisi walikuja, wawili, wenye adabu. Walikunywa chai, wakala mandazi, wakawatazama wale farasi wadogo wa kuhesabika kwa vidole. Mkubwa wao akasema ni kazi nzuri sana lakini ni wachache mno, hawawezi kuitwa kizazi. Daktari hakubishana. Aliuliza jambo moja tu, kama wanyama wakirudi pwani, mitungi ya rotifa inaweza kwenda nao. Wakasema hakuna ubaya. Mwalimu aliilisha asubuhi ya mwisho kama kawaida, akaifunga kwa magazeti, akaibandika karatasi iliyoandikwa neno moja kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia, NAKURU. Mimi niliitwa chuo na nimekuwa mpimaji wa maziwa ya ng'ombe maisha yangu yote, kazi ya kuchungulia matone. Daktari alirudi kufundisha na hakulizungumzia tena suala hilo. Nilikuwa nimeamini, na nilimwonea uchungu kwa kuamini hivyo, kwamba mwaka ule haukuacha kitu ila chumvi kwenye ukuta.

Nilikuwa nafikiria hayo pale sebuleni, sahani ya mukimo mapajani, mlango ulipobishwa. Akaingia msichana wa hijabu ya kijani, amechoka na safari, amekumbatia sanduku jeupe la kubebea samaki. Alisalimu kwa Kiswahili kile cha pwani kinachotufanya sisi huku tujione tumevaa viatu vya matope. "Shikamooni. Poleni kwa msiba. Naitwa Mwanaisha. Nimechelewa maziko, mnisamehe, basi liliharibika Mtito." Mwalimu akamkaribisha aketi, akamuuliza kwa heshima kama alikuwa mwanafunzi wa marehemu. "La, babu, sikuwahi kumwona. Tulizungumza kwa simu tu, majuzi, alipokuwa hospitali." Akaeleza kwamba kijijini kwao kina mama wanafuga farasi wa baharini kwenye matangi, na kwamba wengine wanaozalishwa hapo hukaguliwa wasiwe na maradhi, kisha hupelekwa kwenye vijumba vya waya vilivyozamishwa mahali nyavu zilipong'oa majani. Siku hizi, akasema, wala hawahitaji kupiga mbizi kujua kama wamedumu. Wanachota maji kwenye chupa, yanapimwa chembe zinazoachwa na viumbe, na maji yenyewe yanasema nani amepita humo. Nilimwuliza maswali matano bila kupumua. Kiprono akanikanyaga mguu.

"Lakini watoto huwalisha nini?" nikamaliza. Mwanaisha akafungua sanduku. Ndani, kwenye kitambaa chenye maji, mlikuwa na chupa ya kioo yenye maji ya kijani hafifu. "Hawa. Mzee aliyepokea mitungi kutoka kwenu aliwatunza hadi alipofariki, kisha mamangu, sasa mimi. Chupa ikijaa tunawagawa, hatujawahi kuwapoteza. Sisi huwaita Nakuru. Karatasi yenyewe imeshachakaa, ila neno tunaliandika upya. Nilipopata namba ya daktari nikampigia kumwambia kuwa wangali hai. Alicheka, akalia. Kila siku tangu hapo alikuwa akinipigia kuuliza swali hilo hilo, je, wamekula? Akaniambia niwalete, maana yuko mwenye kazi yake huku."

Mwalimu alikuwa ameganda, mkono wake ukiwa hewani karibu na kikombe. Nilimwona akiirudia wiki ile yote ya mwisho, neno kwa neno, swali kwa swali. "Alikuwa sawa," akasema polepole. Kisha akarudia kwa sauti kubwa zaidi, akitutazama mmoja mmoja, kama anayetaka tumshuhudie, "Alikuwa sawa kabisa. Mimi ndiye nilimwambia alale." Uso wake ukakunjika na akalia mbele yetu sote, mzee yule ambaye makaburini alikuwa amewashikilia watu wengine mwavuli. Mwanaisha ndiye aliyesema, kwa upole, kama anayehofia kuonekana mkosefu wa adabu, "Babu, hawajala tangu jana."

Mwalimu akajifuta uso kwa kiganja. Alisimama, akavua koti lake jeusi akaliweka kwenye kile kiti kitupu, akakunja mikono ya shati. Tulimfuata jikoni, mimi, Kiprono na Mwanaisha na chupa yake, na akina mama waliokuwa wakiosha vyombo wakatupisha. Alifungua kabati lile lile. Aliweka maji kwenye kikombe, akayajaribu kwa kifundo cha mkono, akaongeza baridi, akajaribu tena. Akamimina hamira, akakoroga, akangoja ipande povu. Halafu akainua chupa kwenye mwanga wa dirisha na kuanza kudondosha, tone baada ya tone, akihesabu kwa Kikuyu. Niliinama nikachungulia. Bila hadubini huwezi kuona kitu, vumbi jeupe tu linalotembea, lakini lilikuwa linatembea. Mwalimu akafunga chupa, akaifuta kwa ncha ya kitambaa, na akageuza uso kuelekea upande wa chumba cha kulala.

"Wamekula," akasema.